Tusiuze njia za wakulima kwa bei ya kokoto

Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi anapofungua duka lake Gerezani asubuhi, huuliza mambo matatu: saruji imefika, nondo zimepanda au zimeshuka, na tipa la kokoto litaingia saa ngapi. Hayo ni maswali ya kawaida, na ndiyo yanayowafanya wasomaji wengi waufungue ukurasa huu kila wiki. Lakini lipo swali la nne ambalo halimo katika orodha ya bei. Kokoto hii imechimbwa wapi, na imemzibia nani njia?

Swali hilo si la huruma tu, ni la hesabu. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba njia ya miguu ya kijijini ikikatwa na machimbo ya mawe, gharama yake haipotei. Huanzia kwa mkulima, ikahamia kwenye gunia, na mwisho ikamfikia mfanyabiashara na mwekezaji wa mjini, ambaye huilipa bila kujua anacholipia.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kumsalimia shangazi yangu katika kijiji kimoja cha upande wa Bagamoyo. Tangu utotoni naijua njia ya kutoka kwake hadi barabara ya magari: unapita chini ya miembe, unavuka kijito, unapanda kilima kidogo, umefika. Safari hiyo nilikuta kilima hakipo. Palikuwa na shimo kubwa, kamba na kibao cha kukataza watu kupita. Shangazi akaniambia, "Mwanangu, siku hizi tunazunguka. Muhogo wangu nao unazunguka." Nilipouliza ni nani aliyeruhusu, kila mtu alimtaja mwenzake. Ofisi ya kijiji ilisema kibali kilitoka juu, nao wa juu walisema kijiji kiliridhia. Hapakuwa na karatasi hata moja iliyoitaja ile njia.

Nimelikumbuka jambo hilo wiki hii baada ya kuzungumza na muuza kokoto mmoja wa mjini. Nilipomweleza, alicheka akanijibu, "Mdogo wangu, mimi nauza kokoto, siuzi njia." Kwa jinsi anavyoiona biashara yake, yuko sahihi. Kwa jinsi soko linavyofanya kazi, amekosea, na sababu zenyewe ni hizi.

Mji unakula vilima

Kariakoo ya leo si Kariakoo ya nyumba za udongo zenye vibaraza. Mtaa baada ya mtaa, kuanzia Msimbazi hadi Lumumba, nyumba za chini zimebomolewa na maghorofa yamepanda. Kila ghorofa ni nguzo, kila nguzo ni zege, na sehemu kubwa ya zege ni kokoto na mchanga. Ongeza barabara za mabasi yaendayo haraka yaliyoanza huduma mwaka 2016, na reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, ambayo mataruma yake yamelazwa juu ya mawe. Mahitaji ya namna hiyo hayawezi kutoshelezwa na kilima kimoja.

Zamani mji ulijitegemea kwa mawe ya karibu. Machimbo ya Kunduchi Mtongani yamelisha ujenzi wa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na kina mama na vijana wamekaa pale wakiponda mawe kwa nyundo. Kilima cha Wazo kimelisha kiwanda cha saruji cha Twiga tangu miaka ya sitini. Mji ulipopanuka, Kunduchi, Tegeta na Boko zikajaa nyumba za watu, na wanunuzi wakaanza kutafuta jiwe gumu zaidi mbali. Leo fundi mwenye mradi mkubwa anataka kokoto za Lugoba au Msolwa, kule Chalinze, na malori hayakomi katika barabara ya Morogoro usiku na mchana.

Kwa lugha ya soko, chanzo cha bidhaa kimehama kutoka ukingo wa mji hadi mashambani. Kule mashambani hakuna mitaa yenye majina. Kuna vijia. Kijia kinampeleka mtoto shule, mama kisimani, mfugaji malishoni, na kinaleta gunia la mkaa au muhogo barabarani. Mashine ya kuchimba haikioni kijia. Inachokiona ni jiwe.

Leseni haioni njia

Msomaji atauliza kama sheria haipo. Sheria ipo, tena si moja.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inayahesabu mawe, kokoto na mchanga kuwa madini ya ujenzi, kwa hiyo mchimbaji lazima awe na leseni. Mtanzania mwenye mtaji mdogo hupata leseni ya uchimbaji mdogo, ya miaka 7, nayo huweza kuongezwa muda. Ikumbukwe kuwa leseni hiyo inampa mtu haki ya madini. Haki ya ardhi ya juu ni jambo jingine, na mwenye leseni anatakiwa kuelewana na wanaoikalia ardhi hiyo kihalali. Wengi wa wawekezaji wadogo wanaonunua sehemu katika machimbo hawaujui utofauti huo. Wanaona karatasi yenye muhuri, wanadhani wamenunua kilima kizima pamoja na kila kinachopita juu yake.

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, nazo zina mengi ya kusema. Ya kwanza inatambua haki ya njia ya umma, ikiwemo njia inayotumiwa na jamii kwa ujumla. Ya pili inakiruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja, kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na kuiandika katika daftari. Kisha iko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayodai athari za mradi zipimwe kabla ya kazi kuanza, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, inayokipa kijiji nafasi ya kuchora ramani yake chenyewe.

Tatizo ni kwamba sheria hizi zinakaa katika ofisi tofauti. Tume ya Madini inatazama alama za mipaka ya leseni. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, anatazama barabara zilizomo katika orodha yake. Wasimamizi wa mazingira wanatazama vumbi, kelele na maji. Kijia ambacho hakijaandikwa popote hakina ofisi. Kinalindwa na kumbukumbu za wazee, na kumbukumbu za wazee haziambatanishwi na maombi ya leseni.

Hesabu ya gunia

Tuifanye hesabu kama tunavyofanya hesabu nyingine za biashara. Tarakimu hizi ni za mfano tu, na kila msomaji anaweza kuweka za kwake.

Chukua kijiji kinachotoa magunia 40 ya muhogo, mkaa na nazi kwa siku kwenda kituo cha magari. Kabla ya machimbo, mzigo ulipita kwa baiskeli katika njia fupi. Baada ya njia kukatwa, mkulima anazunguka kilomita kadhaa, na bodaboda anaongeza shilingi 2,000 kwa kila gunia. Hiyo ni shilingi 80,000 kwa siku. Kwa siku 300 za kazi katika mwaka ni shilingi milioni 24. Kwa miaka 7 ya leseni ni shilingi milioni 168.

Fedha hizo hazimo katika vitabu vya mwenye machimbo wala katika bei ya tipa la kokoto. Lakini zimelipwa. Sehemu amelipa mkulima kwa kukubali bei ya chini shambani, sehemu amelipa mnunuzi wa jumla, na sehemu amelipa mama lishe wa Kariakoo anayeshangaa kwa nini fungu la muhogo limepungua ilhali mvua ilikuwa nzuri. Hapo hatujahesabu mtoto anayechelewa shule, wala mjamzito anayebebwa kwa pikipiki kuzunguka shimo usiku.

Sasa weka upande wa pili wa mizania gharama ya kufungua njia mbadala pembeni ya machimbo. Mwenye machimbo tayari ana greda au tingatinga, ana kifusi cha kutupa na ana vibarua. Katika maeneo mengi kazi hiyo ni ya siku chache. Mhasibu yeyote atakuambia kwamba pale ambapo gharama ndogo ya mmoja inaweza kuzuia gharama kubwa ya wengi, na bado isifanyike, soko lina kasoro. Bei ya kokoto inaonekana rahisi kwa sababu kuna mtu mwingine anayelipa tofauti.

Kariakoo inaijua njia iliyozibwa

Wafanyabiashara wa Kariakoo hawahitaji kufundishwa thamani ya njia. Mwaka 2021 wenye maduka walilalamika kwamba meza za wamachinga zilikuwa zimeziba milango na njia za waenda kwa miguu, na wateja hawaingii. Serikali ikaamuru wamachinga wahamishiwe maeneo yaliyotengwa. Wapo walioona hatua ile ni ya haki na wapo walioona ni ya ukali, na mjadala wake haujakwisha. Lakini pande zote mbili zilikuwa zikigombania kitu kimoja: mahali ambapo mguu wa mteja unapita. Mmachinga aliifuata njia kwa sababu njia ndiyo soko, na mwenye duka aliilalamikia kwa sababu hiyo hiyo.

Tena Soko Kuu lenyewe, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021, lilikuwa na sehemu ya chini ya ardhi ambayo wenyewe waliiita Shimoni. Mazao ya shambani yalikuwa yakiteremshwa humo kwa jumla. Lile lilikuwa shimo lililojengwa ili mazao yafike kwa watu. Mashimo tunayoyachimba vijijini leo yanafanya kinyume chake.

Iwapo tunakubali kwamba kuziba njia ya mteja Mtaa wa Kongo ni kuua biashara, kwa nini tuone ni jambo dogo kuziba njia ya mzalishaji kule Chalinze? Mguu wa kwanza wa kila bidhaa ya shambani hutembea katika kijia.

Anayechimba leo, anayelipa kesho

Historia ya mji wetu ina mifano ya gharama zilizofichwa zikaja kulipwa na mtu mwingine. Anayepanda daladala kwenda Tegeta anakijua kituo cha Africana. Jina hilo ni la hoteli ya pwani iliyokuwa na sifa enzi zake, kisha fukwe zikaliwa na bahari na majengo yakabaki magofu. Wataalamu waliochunguza pwani ile ya Kunduchi walitaja uchimbaji wa mchanga katika mito inayomwaga maji huko kuwa miongoni mwa sababu, kwa kuwa mchanga uliopaswa kwenda ufukweni ulipakiwa kwenye malori. Waliouza mchanga walipata fedha zao. Hasara ikamfika mwekezaji wa hoteli, ambaye pengine naye alijenga kwa mchanga huo huo.

Aidha, tazameni mgogoro wa ardhi wa Chasimba, baina ya wakazi na kiwanda cha saruji cha Wazo. Sina nia ya kuamua hapa nani alikuwa na haki. Ninachowaambia wenye hisa ni kwamba mgogoro ule ulivuta miaka mingi, ukafika mahakamani na mezani kwa viongozi wa Serikali, na kampuni yenyewe imeorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu mwaka 2006. Mwekezaji mdogo mwenye hisa zake mia mbili naye alikuwa ndani ya mgogoro huo, ajue asijue. Pale ambapo mipaka na matumizi ya ardhi hayaeleweki kwa pande zote, mtaji hukaa juu ya jiwe lisilo imara.

Machimbo madogo yana hatari hiyo hiyo, na hayana mawakili. Wanakijiji wakichoka kuzunguka, siku moja watalaza magogo barabarani na tipa halitapita. Mkandarasi wa mjini atakosa kokoto siku ya kumwaga zege, vibarua watalipwa bila kazi, na wewe mwenye duka uliyepokea malipo ya awali utatafutwa. Mchana mmoja wa magogo unaweza kula faida ya mwezi.

Wachimbaji nao wana hoja

Si haki kuandika haya bila kuwasikiliza wachimbaji. Wanasema, na ni kweli, kwamba machimbo yanatoa ajira pale ambapo hakuna ajira nyingine. Yule mama anayeponda mawe kwa nyundo anasomesha watoto kwa kokoto. Wanasema pia kwamba ushuru na tozo tayari ni nyingi, na kila sharti jipya litapandisha bei, nyumba ya mtu wa kipato cha chini itazidi kuwa ndoto. Wengine wanaongeza kwamba kijia hakina mwenyewe: wakikihamisha leo, kesho kutakuwa na kingine pembeni.

Hoja ya ajira ni nzito, na mwandishi wa makala haya hapendekezi machimbo yafungwe. Mji unahitaji kokoto. Lakini anayeponda mawe na anayebeba muhogo mara nyingi ni watu wa nyumba moja, na kumpa kazi mmoja kwa kumzibia njia mwingine ni kuhamisha umaskini toka chumba kimoja kwenda kingine. Kuhusu bei, tumeona kwamba njia mbadala ni gharama ndogo ikifanywa mapema, na huwa kubwa ikifanywa baada ya ugomvi. Ama kwamba kijia hakina mwenyewe, hilo ndilo kosa lenyewe. Kina wenyewe wengi, ila hawana hati.

Wenzetu wamefanyaje

Uingereza, nchi iliyochimba mawe, makaa na chokaa kwa karne nyingi, iliamua mwaka 1949 kwamba halmashauri zake zichore ramani rasmi za njia za miguu za vijijini. Njia ikishaingia katika ramani hiyo, haifi kwa sababu tu mtu amenunua shamba au amepata leseni. Aidha, sheria yao ya mipango ya mwaka 1990 inaruhusu njia ifungwe kwa muda ili mawe yachimbwe, kwa sharti kwamba kazi ikiisha irudishwe katika hali isiyowapa watu usumbufu mkubwa kuliko awali. Mchimbaji anachimba, na mpita njia anajua njia yake imekopwa, haijauzwa.

Hatuna haja ya kuiga kila kitu cha Uingereza. Mazingira ni tofauti, na fedha za kuchora ramani za nchi nzima kwa mara moja hazipo. Lakini wazo la njia kukopwa badala ya kuuzwa linaeleweka Kwamsisi kama linavyoeleweka London. Anayekopa huandikiana, na hurudisha.

Kifanyike nini

Kwanza, vijiji vyenye mawe visingoje mwekezaji afike. Mkutano mkuu wa kijiji uzitaje njia kuu za miguu kwa majina, ziandikwe katika daftari la ardhi ya pamoja na katika mpango wa matumizi ya ardhi. Karatasi ya kurasa mbili yenye muhuri wa kijiji ina nguvu kuliko kumbukumbu za wazee kumi.

Pili, Tume ya Madini na halmashauri za wilaya zidai mchoro wa njia zinazopita ndani ya eneo linaloombewa leseni, kama zinavyodai mipaka. Ofisi zinazotazama mambo tofauti zikae meza moja juu ya mchoro huo.

Tatu, njia mbadala ifunguliwe kabla ya baruti ya kwanza kulipuliwa. Iwe na upana wa kupita baiskeli mbili zenye mizigo, na isipite ukingoni mwa shimo. Machimbo yakiisha, shimo lizungushiwe au lifukiwe na njia irudishwe. Mashimo yaliyoachwa hujaa maji ya masika na kuwa mtego kwa watoto na mifugo.

Nne, sehemu ndogo ya ushuru unaokusanywa na halmashauri katika mageti ya mawe na mchanga irudi kijijini kutunza njia hizo. Wananchi wakiona ushuru umejenga kivuko cha kijito, hawatalaza magogo.

Tano, na hili ni letu sisi wa mjini. Mnunuzi wa jumla wa kokoto amuulize anayemuuzia kama machimbo yake yamefunga njia ya mtu. Mwekezaji mdogo anayeombwa kuweka fedha katika machimbo asiishie kutazama leseni. Aombe muhtasari wa mkutano wa kijiji, makubaliano na wenye ardhi, na mchoro wa njia. Akikosa moja kati ya hayo, ajue ananunua deni pamoja na jiwe.

Shangazi yangu bado analima, na muhogo wake bado unazunguka. Mara ya mwisho nilipomwona aliniuliza kama huko mjini maghorofa yamekwisha kujengwa. Nilimwambia bado. Akasema, "Basi vilima vingine navyo vijiandae." Naamini tunaweza kumpa jibu bora kuliko hilo, na jibu lenyewe lianze siku utakapopiga simu kuagiza tipa lako lijalo.